Ukuta Uliobeba Nguo na Bango

Mafundi wa ujenzi walimwita Timazi, kwa kile kipande cha risasi kinachoning'inizwa kwenye uzi ili kionyeshe kama ukuta umesimama wima au umeanza kulala. Jina lilimkaa. Alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye viatu vizito, na alikuwa na tabia ya kunyamaza kitambo kabla ya kujibu lolote. Mkewe alizoea kuwaambia wageni kwamba ukimwuliza Timazi kama chai ina sukari ya kutosha, kunywa tu yako. Jibu litakukuta umeshamaliza kikombe.

Alikuwa mkaguzi wa kuta za paani. Majengo ya mji ule yalikuwa na mapaa tambarare ya zege, na kila paa lilizungushiwa ukuta mfupi unaomfikia mtu mzima kifuani. Watu huzaliwa, huoa na huzeeka mjini bila kuufikiria ukuta huo hata mara moja. Haugawi chumba, haubebi dari, haumhifadhi mtu na baridi. Upo tu ili anayetembea juu asianguke, na ili anayetembea chini asiangukiwe. Lakini jua huuchoma pande zote mbili, mvua huupiga kichwani, upepo huusukuma bila kizuizi, na ndio maana huo ndio ukuta unaozeeka kabla ya kuta nyingine zote za jengo. Kwa sababu hiyo sheria ya mji ilimtaka kila mwenye jengo, kila mwaka, amwite mtu anayejua kuta, apande, akague, na aseme kwa kinywa chake na kwa sahihi yake kwamba ukuta hautamdhuru mtu.

Wenye majengo nao walikuwa na desturi yao. Ukaguzi ukikaribia, vibarua walipandishwa juu na ndoo za lipu na rangi, na kila ufa ukafunikwa. Timazi aliingia paa baada ya paa akipokewa na harufu ya rangi mbichi. "Niliitwa kukagua ukuta," aliwaambia wenye majengo, "naona nimefika kukagua rangi." Wao walicheka na kumpiga begani, wakidhani ni mtu wa mzaha.

Kwa hiyo alijiwekea njia yake ya kufanya kazi. Kwanza alisimama ng'ambo ya barabara akautazama ukuta kwa upande wa nje, kwa sababu hakuna mwenye jengo aliyewahi kujisumbua kuupaka rangi upande ambao mkaguzi hausogelei. Alisimama hapo na shingo nyuma mpaka wapita njia wakampiga vikumbo. Kisha alipanda juu na kufuata utaratibu aliofundishwa na fundi wake tangu ujana: kutoka ndani kwenda nje, kuanzia kilicho karibu na mkono, bila kuruka kitu, kikubwa wala kidogo. Na kwa mpangilio huohuo aliouona, ndivyo alivyousema. Wakaguzi wenzake walimcheka kwamba anasimulia ukuta kama mtu anayesimulia ukoo wake, hakuna shangazi anayesahauliwa. Yeye aliona fahari. Ukitaja kila kitu, aliamini, mwenye jengo hana pa kujificha.

Alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa kwake, ambaye wapangaji wa jengo alimoishi walimwita Dada wa Juu, kwa kuwa chumba chake kilikuwa ghorofa ya mwisho, kando ya mlango wa kutokea paani. Mama yao alipofariki, msichana huyo aliacha shule na kuanza kufua nguo za watu ili mdogo wake asiache. Mdogo alipochoka na shule na kusema anataka ujenzi, dada alimpeleka mwenyewe kwa fundi, akamkabidhi kama anavyokabidhiwa mtoto mchanga, na akaendelea kufua. Aliolewa, akafiwa na mume, akaendelea kufua. Sasa alifulia nyumba mbili za wageni na zahanati ya mtaa wa pili: mashuka, foronya, mapazia, makoti meupe ya wauguzi. Alifulia bafuni, lakini bila paa asingekuwa dobi wa mtu yeyote. Kamba zake zilianzia kwenye kulabu za chuma zilizochomekwa katika ukuta wa upande wa barabara, zikavuka paa zima hadi kwenye kibanda cha matangi ya maji. Mashuka yakijaa upepo asubuhi, jengo zima lilionekana kama linataka kusafiri.

Jengo hilo lilikuwa limepita kutoka kwa mzee mmoja mkali hadi kwa mwanawe, ambaye wapangaji walimwita Mrithi. Mwaka ambao mkaguzi wa zamani alistaafu, Mrithi alihitaji mtu mwingine, na Dada wa Juu ndiye aliyemtajia jina la mdogo wake. Timazi aliposikia, hakufurahi.

"Dada, hili si jambo zuri. Je, nikikuta kasoro?"

"Ukikuta kasoro, utaiona wewe."

"Ndiyo hiyo shida."

"Sikiliza, wewe mtoto." Alikuwa na mvi kichwa kizima, yeye Timazi, na bado kwa dada yake alikuwa mtoto. "Akija mtu baki, ataniona mimi kwanza. Atasema, mwanamke amejaza paa zima mashuka. Wewe utauona ukuta. Nataka mtu atakayeuona ukuta."

Alikwenda.

Asubuhi ya ukaguzi alisimama ng'ambo ya barabara kama kawaida yake. Mwuza miwani, aliyepanga bidhaa zake kwenye ubao pale chini ya jengo, alimpigia kelele: "Mzee wangu, njoo nikuuzie miwani! Huko juu unakotafuta hutaona kitu kwa macho hayo!" Watu walicheka. Timazi hakumsikia. Upande wa nje wa ukuta ule lilibandikwa bango kubwa la matangazo, lenye upana wa vyumba viwili, na juu yake familia nzima ilitabasamu kwa meno yote kwa ajili ya dawa ya meno. Juu ya vichwa vya familia ile, mstari wa mawe yaliyofunika ukuta haukuwa mnyoofu. Katikati ulikuwa umevimba kuelekea barabarani, kama tumbo la mtu aliyekula akapitiliza.

Alipofika paani, dada yake alikuwa akianika, vibanio mdomoni.

"Umechelewa," alisema bila kutoa vibanio. "Yule wa zamani alikuwa anafika kabla sijakamua shuka la kwanza."

"Yule wa zamani alikuwa anakuja kunywa chai yako."

"Na alikuwa anasalimia kwanza, ana adabu."

"Habari ya asubuhi, dada."

"Mpaka ukumbushwe. Haya, fanya kazi yako, usinichafulie mashuka."

Alianza na kilicho karibu na mkono. Rangi ilikuwa mbichi, nyeupe, hata kwenye kamba ilikuwa imedondoka. Lakini chini ya kila kulabu kulikuwa na doa la kutu lililokwisha kuipenya rangi ile changa, na kuizunguka kulabu kulikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Aligonga kwa mpini wa nyundo. Mlio ulirudi mtupu. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kwa matundu ya kulabu, nondo za ndani zikashika kutu, zikavimba, zikaanza kuupasua ukuta tumboni. Aliweka kiganja juu ya lipu. Upepo ulipojaa mashukani, aliuhisi ukuta ukija kwake kidogo sana, kisha ukirudi, kama kitu kinachopumua.

Ukuta haupumui.

Alichunguza mawe ya juu. Kati ya jiwe na jiwe kidole chake kiliingia. Kisha aliegemea akatazama upande wa nje, na akaona yote. Bango lilishikiliwa na boliti nene zilizotoboa ukuta upande hadi upande. Sahani za chuma zilizozibana kwa ndani zilikuwa zimepakwa rangi ileile nyeupe, hata mtu akadhani ni sehemu ya lipu. Matundu ya boliti yalikuwa yamepanuka. Unga wa matofali ulikuwa umechuruzika chini yake. Upepo ulipolipiga bango, bango liliuvuta ukuta kuelekea barabarani. Ulipoyajaza mashuka, mashuka yaliuvuta ndani. Aliteremsha uzi wake kwa nje, pembeni mwa bango, akasubiri risasi itulie. Ilipotulia, haikukaribia ukuta hata kidogo. Ukuta ulikuwa umelalia barabara, na kilichokuwa kikiulaza ni bango. Kulabu zilikuwa zimeyafungulia maji mlango.

Dada yake alikuwa ameacha kuanika.

"Nini?"

"Ngoja."

"Usiniambie ngoja. Nimekulea, najua ukinyamaza hivyo kuna nini."

"Ukuta umechoka, dada."

"Mimi pia nimechoka, wala sijaona mtu akija kunikagua." Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Utamwambia nini?"

"Nilichokiona."

"Na kulabu?"

Timazi alianza kuukunja uzi wake.

"Nimeona ulivyolitazama bango," dada alisema polepole. "Mimi si fundi, lakini nina macho. Basi sema bango. Ni kubwa, linatosha. Kulabu ni vidude tu. Kwani lazima utaje kila kidude?"

"Mvua inaingia hapo. Akilitoa bango akaziacha kulabu, miaka haitapita mingi ukuta utarudi hapohapo."

"Mimi hiyo miaka michache naihitaji."

"Dada, nikitaja kila kitu, itabidi atengeneze kila kitu. Atautengeneza ukuta, na wewe nitakuwekea nguzo za chuma katikati ya paa, uanike bila kuugusa ukuta. Nitazisimamisha mwenyewe."

Alisema kweli, nguzo hizo alikwisha kuziona kichwani, na mahali pake, na kina cha misingi yake. Dada alichukua shuka jingine kutoka kwenye beseni, akalikung'uta kwa mlio mkali.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye mkaguzi."

Mrithi alipanda akihema, kitambaa mkononi, viatu vyake vikiyaepuka maji yaliyodondoka. Alikuwa mtu wa makamo, msomi, mwenye sauti laini isiyompandia mtu hata siku moja. Watu wa aina yake hupewa jina la waungwana, na hakuna anayeuliza uungwana wenyewe unagharimiwa na nani.

"Mzee wangu, nipe habari. Tuko salama?"

Timazi alimpa habari kwa utaratibu wake: kutoka ndani kwenda nje. Kwa hiyo alianza na kulabu. Alimwonyesha madoa, akamgongea, akamsikilizisha mlio. Alieleza kutu na nondo. Akaja kwenye mawe ya juu. Alipofika kwenye bango, Mrithi alikuwa ameshasikia alichokitaka, na macho yake yalikuwa yametua kwenye mashuka.

"Kwa hiyo ni nguo."

"Nguo ni kidogo. Bango ndilo kubwa. Tazama boliti hizi. Lile bango likishikwa na dhoruba moja tu, ukuta huu utakwenda nalo chini."

"Bango lina mkataba, mzee wangu."

"Ukuta haujui mkataba."

Mrithi alicheka kwa adabu. "Umesema vizuri. Lakini umeanza mwenyewe na kulabu. Mtu huanza na kilicho muhimu, au siyo?"

"Naanza na kilicho karibu. Ndivyo tunavyofanya kazi."

"Nimekuelewa kabisa. Basi na mimi nitafuata utaratibu wako. Tuanze na kidogo."

Timazi alitaka lile neno la kulabu lirudi lilikotoka, apewe nafasi aanze upya, aanze na bango, amalize na bango, asiseme kingine. Alisema kwa sauti iliyompanda kuliko alivyotaka kwamba njia ya chini ifungwe kwa uzio siku hiyohiyo, watu wapite ng'ambo, bango literemshwe kabla ya mvua. Alisema ataandika hivyo. Mrithi aliitikia kila sentensi kwa kichwa, ndiyo mzee wangu, bila shaka mzee wangu. Kisha akamgeukia Dada wa Juu, aliyekuwa amesimama na beseni tupu kiunoni.

"Mama, utatuwia radhi," alisema. "Umesikia mwenyewe. Ni suala la usalama."

Dada hakumtazama Mrithi. Alimtazama mdogo wake.

Wiki haikwisha. Mtu alikuja na mashine ya kukatia vyuma, akazikata kulabu zote, akaziba mashina yake kwa lipu, akapaka rangi. Mlango wa paani ulifungwa kufuli. Bango lilibaki, na uzio haukuwekwa. Siku chache baadaye Dada wa Juu aliitwa ofisini kwa Mrithi, akakaribishwa kiti, akaelezwa kwamba kwa kuwa jengo haliwezi tena kuruhusu ufuaji wa biashara, huenda angependa kutafuta mahali panapomfaa zaidi. Hakuna aliyemfukuza. Neno hilo halikutamkwa. Katika mji ule mtu hafukuzwi. Hufikiriwa maslahi yake, hutakiwa kila la heri, hufunguliwa mlango kwa heshima zote, na mlango hufungwa nyuma yake taratibu ili usipige kelele. Na neno lililofanya kazi hiyo yote lilikuwa usalama, neno zuri, lililotungwa kwa ajili ya watu kama yeye, wanaopita chini.

Jioni alikwenda kwa mdogo wake. Mke wa Timazi alimvutia kiti, hakukaa.

"Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Ulishindwa kunyamaza?"

"Dada, nilimwambia bango. Nilimwambia mara mbili, mara tatu."

"Sikukuuliza ulimwambia nini. Nilikuwepo. Nimeuliza, ulishindwa kukinyamazia kile kimoja?"

"Watu wanapita pale chini, dada. Watoto wa shule wanapita."

"Na mimi nipite wapi?"

Timazi alikisogeza kile kiti karibu naye.

"Wifi," mke alisema, "njoo ukae hapa kwetu. Chumba cha nyuma tutakitoa vitu."

"Nikae nifanye nini? Nianike wapi, dirishani? Nyumba za wageni zinataka mashuka makavu kila siku. Wameshampa kazi mtu mwenye mashine." Aliifunga upya kanga yake kifuani kwa mikono yake mipana, iliyochubuka vidole kwa sabuni ya miaka yote. "Nimebaki na mikono hii tu. Nilidhani nimemtafuta mtu atakayeuona ukuta. Kumbe ukuta ndio pekee aliouona."

Alitoka. Timazi alimfuata mpaka mlangoni, akaita "Dada!" kwa sauti ya mtu anayeita gari lililokwisha kuondoka.

Baada ya hapo alijaribu yote ambayo mtu wa namna yake hujaribu. Alikwenda ofisi ya majengo ya mji, akapanga foleni, akarudishwa, akapanga tena. Mama mmoja wa dirishani, aliyechoka lakini hakuwa mbaya, alimtafutia habari za jengo lile na kumweleza: mwenyewe amekwisha kuondoa hatari, na amemwita mkaguzi mwingine, naye ameukubali ukuta.

"Ameukubali na bango lake?"

"Baba, mimi sijaliona bango. Mimi naona kwamba wakaguzi ni wawili, na mmoja wenu ameridhika."

"Na mmoja hajaridhika. Hilo halitoshi mtu kwenda kutazama?"

"Tuna watu wawili wa kwenda kutazama, baba. Kwa mji mzima." Alishusha sauti. "Na huyu unayemlalamikia, nasikia dada yako ni mpangaji wake. Ukilifikisha mbele zaidi, watasema una kinyongo."

Timazi alirudi barabarani akiwa mdogo kuliko alivyoingia. Ukweli aliousema kuhusu kulabu uliaminiwa papo hapo, na mwanamke mmoja ukamtoa paani. Ukweli aliousema kuhusu bango, ambao ulikuwa mzito kuliko ule, ulihitaji ushahidi, na ushahidi ulihitaji watu wawili ambao mji hauna.

Ndipo alipoanza kile ambacho wenzake walikiita wazimu. Asubuhi, kabla ya kwenda kwenye mapaa mengine, alisimama chini ya jengo lile na kuwaomba watu wavuke. "Pita ng'ambo, mwanangu. Ukuta wa juu si mzima. Mama, pita upande ule." Baadhi walivuka, kwa kuheshimu mvi zake. Baadhi walimzunguka kama anavyozungukwa mlevi. Mwuza miwani alikuwa ameacha kumtania.

"Mzee wangu, unanifukuzia wateja."

"Hamia ng'ambo na wewe."

"Ng'ambo kuna jua, nani atasimama kujaribu miwani? Ukuta huo nimekaa chini yake tangu sijaoa. Wewe ndiye uliyesema ni kulabu. Kulabu zimetolewa. Sasa unataka nini zaidi?"

Swali hilo aliulizwa na kila mtu. Sasa unataka nini zaidi?

Siku Dada wa Juu alipohama, Timazi alikuwa pale. Alijua siku kwa kuambiwa na mkewe, kwa kuwa dada mwenyewe hakumwambia. Msukuma mkokoteni alikuwa amefunga godoro, meza, sanduku na mabeseni yaliyopachikwa moja ndani ya jingine, na mkokoteni ulikuwa umesimama mwisho wa jengo, kwenye kona. Dada alitoka mlangoni na beseni la mwisho kichwani, lile kubwa la kuloweka, limejaa vibanio na kamba zilizokunjwa. Kati ya mlango na mkokoteni palikuwa na urefu wote wa bango.

"Dada," Timazi alimwita kutoka barabarani, mikono ameinua kama anayezuia magari. "Pitia huku. Vuka hapa, uende kwa upande ule, urudi. Tafadhali."

Dada alisimama. Upepo ulikuwepo siku ile; kule juu bango liligonga, likanyamaza, likagonga. Alilishika beseni kwa mkono mmoja, akainua macho akaitazama familia ile yenye meno mengi.

"Si ulisema kulabu?"

"Nilisema na bango! Dada, nakuomba. Hasira zako nizibebe mimi, usizipeleke chini ya ukuta ule."

"Kulabu hazipo tena. Nguo hazipo. Nami natoka. Basi ukuta umeshapona, au siyo? Ndivyo tulivyoambiwa." Na akaanza kutembea, chini kabisa ya ukuta, karibu nao kiasi kwamba kiwiko chake kiliparuza lipu. Hakuharakisha. Alitembea kama mtu anayepita sebuleni kwake.

Timazi aliita tena. Dada hakugeuka. Watu walisimama kutazama. Angeweza kumkimbilia na kumvuta, lakini tangu azaliwe hakuwahi kumvuta dada yake mkono. Yeye ndiye aliyevutwa, kwenda shule, kwenda kwa fundi, kwenda kumzika mama. Kwa hiyo alifanya jambo moja lililobaki. Aliingia chini ya ukuta naye, akatembea kando yake, upande wa nje, akiwa ameinua mkono juu ya beseni lake, kana kwamba mkono wa mtu ungezuia kitu.

Walitembea hivyo urefu wa baba anayetabasamu, wa mama anayetabasamu, wa watoto. Alisikia boliti zikilia ndani ya matofali. Alinyoosha mkono mwingine apokee beseni. Dada alilihamishia upande wa pili.

Walifika kwenye kona. Ukuta haukuanguka.

Dada aliliweka beseni juu ya mkokoteni, akalibana kwa kamba, akafunga fundo, akalijaribu. Kisha ndipo akamtazama. Macho yalikuwa makavu na mekundu.

"Haukuanguka," alisema.

Ni nini angemjibu? Aseme utaanguka? Ingekuwa kama anauombea. Aseme afadhali haukuanguka? Ingekuwa kama anakubali kwamba alimtoa paani bure. Alisimama tu, na dada alisubiri jibu kidogo, kama alivyomsubiri maisha yao yote. Halafu akamwambia msukuma mkokoteni, "Twende, baba," na magurudumu yakaanza kulia. Alitembea nyuma ya mzigo wake, mkono juu ya godoro, mpaka umati wa kona ukammeza.

Timazi alipogeuka, mwuza miwani alikuwa amesimama wima, mikono kiunoni, akiwapigia kelele watu waliokuwa wamejikusanya upande wa pili wa barabara.

"Haya, mmeona wenyewe! Mkaguzi mwenyewe amepita chini yake! Si mmemwona, amepita na ndugu yake, polepole! Rudini jamani, huku kuna kivuli!"

Na watu walianza kurudi. Alivuka mama na mtoto mgongoni, wakavuka wanafunzi wawili wakicheka, akavuka mzee mwenye fimbo. Timazi aliinua mikono. "Pita ng'ambo," alisema, "ukuta si mzima," lakini alilisema kwa sauti ndogo, na walimpita kulia na kushoto, wakaingia chini ya bango, wakaendelea na safari zao.